Sakafu ya Darasa la Nne

Asubuhi ya kwanza ya mafunzo, Bi Tumeelewa alifika na dasta yake mkobani. Hakuwa na haja nayo, kwa sababu chumba cha kompyuta hakikuwa na ubao, lakini hakujua kwenda mahali panapofundishwa bila dasta, kama wengine wasivyojua kutoka nyumbani bila funguo. Alichagua kiti cha mbele karibu na dirisha, akakipangusa kwa leso, akaketi. Mikono aliiweka mezani mbali kidogo na kibodi, isije ikaigusa kabla ya wakati.

Jina hilo alipewa na wanafunzi, naye alilijua na kwa siri alilipenda. Kila alipomaliza kueleza jambo, aligeuka kutoka ubaoni na kuuliza, "Tumeelewa?" Darasa zima liliitikia, "Tumeelewaaa," kwa sauti iliyofika hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Ikitokea mtoto akasema hajaelewa, aliambiwa asimame. Wenzake waligeuka kumtazama, na Bi Tumeelewa aliwauliza kwa upole kabisa, "Wenzake, tumeelewa?" Wakaitikia tena. Hapo hata yule aliyesimama alielewa papo kwa papo, akaketi. Kwa njia hiyo Darasa la Nne lilimaliza mtaala mapema kuliko madarasa mengine yote, na mwalimu mkuu alilitolea mfano kwenye vikao mpaka walimu wengine wakachoka kulisikia.

Darasa hilo lilikuwa na kasoro moja tu, nayo ni sakafu. Kila muhula ilipasuka, hasa huko nyuma kwenye madawati ya mwisho, ikafanya vishimo vya duara vyenye upana wa kumtosha mtoto. Fundi aliitwa, akaziba, akaondoka. Mwalimu mkuu alisema ni saruji mbovu. Bi Tumeelewa hakuwa na sababu ya kubishana naye, maana yeye si fundi, na mwisho wa yote sakafu ilibaki na mabaka mabaka ambayo watoto waliyazoea.

Sasa serikali ilitaka kila mwalimu afundishe kwa kompyuta. Mwalimu mkuu alilitangaza jambo hilo kwenye kikao, akasafisha koo, akaongeza kwamba asiyepata cheti cha mafunzo atavuliwa darasa na kukabidhiwa stoo ya vitabu. Walimu walitazamana. Stoo ya vitabu haikuwa na dirisha, ilikuwa na panya wa kweli, na aliyewahi kupelekwa huko hakurudi kufundisha. Bi Tumeelewa hakuwa na maisha mengine ya kuyataja zaidi ya kusimama mbele ya Darasa la Nne. Alitoka kikaoni akiwa amekata shauri kwamba cheti atakipata, liwalo na liwe.

Alichokuwa hajaambiwa ni nani atakayefundisha. Mlango ulipofunguliwa, aliingia mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, ambaye asubuhi hiyo hiyo alimwandalia chai na kukumbushwa, kama kila siku, kwamba sukari huwekwa baada ya maziwa.

Walikaa nyumba moja: Bi Tumeelewa, mwanawe, mkamwana na mjukuu wa kike. Hakuwa mama mkwe mkorofi. Alikuwa mwalimu tu. Alimfundisha mkamwana kukunja shuka, kupiga pasi kola, kuosha vikombe kwanza na masufuria mwisho, na kila alipomaliza kumwonyesha alimuuliza, "Tumeelewa?" Mkamwana aliitikia, "Tumeelewa, Mama." Walikuwa wanaishi vizuri.

Mkufunzi naye alimwona. Alisita kidogo pale mlangoni, akaona bora aanze na lililo kubwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Habari za asubuhi, walimu wote. Karibuni."

Walianza na kuwasha, wakaja kwenye kipanya, ambacho mwalimu wa jiografia alikinyanyua juu na kukielekeza kwenye skrini mpaka akaambiwa kinabaki mezani. Kisha wakafika kwenye kuandika. Waliambiwa waandike, "Leo tumeanza somo jipya." Bi Tumeelewa alibonyeza kwa uangalifu, lakini kidole chake kilikuwa kimezoea kukandamiza chaki, na kwenye skrini zikatokea L nyingi zikikimbizana hadi mwisho wa mstari. Alizitazama. Hazikuacha.

"Ukikosea usiwe na wasiwasi," mkufunzi alisema akiwa upande wa pili wa chumba. "Futa tu, uandike upya."

Bi Tumeelewa akatoa dasta mkobani, akafuta.

Alifuta kama alivyofuta miaka yote, kwa nguvu, kutoka juu kwenda chini, kushoto hadi kulia. Skrini iliyumba. Vumbi la chaki likatanda juu yake, likashuka kwenye kibodi, likaingia katikati ya herufi. L zilikuwa bado zipo, zinaonekana kwa mbali kwenye ule weupe.

Aliyecheka kwanza ni mwalimu wa jiografia, yule yule wa kipanya cha hewani, na wengine wakafuata mpaka wakashika mbavu. Mkufunzi alikuja haraka, akainama, akasema kwa sauti ya chini asisikike na wengine. Kwa kuwa wote walikuwa wamenyamaza ghafla ili wasikie, walisikia.

"Mama, kufuta ni hapa. Kitufe hiki."

"Najua," Bi Tumeelewa alijibu. "Nilikuwa naondoa vumbi."

Uso ulimshuka. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Watu husema hivyo kila siku, na kwa kawaida ardhi ina shughuli zake na haisikilizi. Siku hiyo ilisikiliza. Sakafu ilikatika chini ya meza yake kwa mlio mdogo, kama biskuti inayovunjwa, na miguu yake ikazama hadi kwenye vifundo. Saruji ilimbana vizuri, haikumuumiza. Ilikuwa ya baridi.

Mkufunzi aliona, akarudi mbele na kuendelea. Waliomtangulia kwenye kazi hiyo walikuwa wamemwambia kwamba kwenye mafunzo ya walimu sakafu hupasuka, na kwamba asivae viatu vya visigino virefu. Yeye alivivaa, kwa sababu ilikuwa siku yake ya kwanza na alitaka kupendeza.

Kabla ya mapumziko aliwauliza walimu, "Tumeelewa?" Neno hilo alilitoa nyumbani, na lilimtoka bila kufikiri.

"Tumeelewaaa," walimu waliitikia.

Walilijua itikio hilo kuliko wimbo wowote. Lilipotoka, mlio wa biskuti ulisikika kila upande wa chumba, na karibu wote wakashuka kidogo kwenye viti vyao. Mwalimu wa jiografia alizama hadi magotini, akajitia anafunga kamba za viatu. Bi Tumeelewa alikuwa ameitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ni mmoja tu ambaye hakuitikia. Mwalimu wa kilimo, mtu mzima mwenye mvi na koti lenye viraka, aliinua mkono.

"Mimi sijaelewa," alisema. "Sijaelewa tangu kule kwenye kipanya."

Wenzake wakaguna. Mmoja alimwambia angerudi akalime. Mkufunzi alikwenda kwake, akarudia tangu kwenye kipanya, akarudia tena. Sakafu chini ya mzee huyo ilikuwa imeanza kufanya ufa, lakini ufa ule ukajifunga wenyewe, ukabaki mstari kama wa penseli. Bi Tumeelewa alitega sikio kule alikokuwa, akajaribu kudokoa maelezo yale ya mwenzake bila kugeuza shingo. Aliyasikia nusu. Alijua kabisa kwamba kilichohitajika ni maneno mawili tu, lakini hakuwahi kuyatamka ndani ya darasa hata mara moja, na hakujua sauti yake ingekuwaje ikiyatamka.

Wakati wa chai walivutana mikono wakatoka, wakajikung'uta saruji, wakapiga soga juu ya mambo mengine.

Jioni, baada ya chakula, mkamwana aliondoa vyombo mezani, akaleta kompyuta yake mwenyewe na kuiweka mbele ya mama mkwe. Mwanawe Bi Tumeelewa alikuwa upande wa pili, macho kwenye simu. Mjukuu alikuwa akifanya hesabu za sehemu za likizo alizopewa darasani, maana alikuwa Darasa la Nne, kwa bibi yake. Shuleni alimwita Mwalimu na nyumbani alimwita Bibi, na hakuwahi kukosea.

"Mama," mkamwana alisema, "labda kuna mahali leo nilikwenda mbio. Tunaweza kurudia hapa. Tuko wenyewe."

Alisema kwa heshima, bila kejeli hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Kama angekejeli, Bi Tumeelewa angejua la kumjibu.

"Ulifundisha vizuri," alisema. "Nimeelewa."

Kigae kilikatika, kikafuatiwa na kingine. Mwanawe aliinua macho kwenye simu.

"Mama, umezama tena hapo?"

"Vigae hivi vilipangwa ovyo. Nilisema tangu siku ile."

"Nitamwambia fundi apite," mwanawe alisema, akarudi kwenye simu yake.

Bi Tumeelewa alitafuta pa kupeleka macho, yakaangukia kwa mjukuu. Mtoto alikuwa ameketi chini kuliko kawaida. Kidevu chake kilikuwa karibu kuigusa meza, na penseli aliishika juu juu, kama mtu anayeandika kwenye rafu.

"Keti wima," bibi alimwambia.

"Nimeketi wima, Bibi."

"Sehemu umezielewa?"

"Nimezielewa, Bibi."

"Basi vizuri." Mkamwana alikuwa bado amesimama kando ya kompyuta yake. Aliifunga taratibu, akaenda kuosha vikombe kwanza na masufuria mwisho.

Mafunzo yaliendelea hivyo hadi mwisho. Walifundishwa kuhifadhi kazi, na Bi Tumeelewa akahifadhi yake mahali ambapo hakuiona tena. Walifundishwa kutengeneza jedwali la alama, kuweka picha, kuunganisha projekta. Kila somo lilipokwisha waliulizwa kama wameelewa, wakaitikia, wakashuka. Mwanzoni walivutana kutoka wakati wa chai. Baadaye waliona ni usumbufu, wakawa wanaletewa chai pale walipo. Ni mwalimu wa kilimo peke yake aliyekuwa akizunguka kwa miguu. Kila siku aliinua mkono, kila siku walimgunia, na siku za mwisho mikono yake ilikuwa inakwenda kwenye kibodi bila kutazama.

Siku ya kufunga alikuja afisa elimu na bahasha ya vyeti. Aliwakuta walimu wamezama kiunoni, wengine kifuani, wamevaa nguo zao nzuri za sehemu ya juu. Alikuwa amefunga mafunzo mengi, mgongo wake ulikuwa umezoea kuinama. Kabla ya kuanza kugawa alimgeukia mkufunzi.

"Malengo yametimia?"

Mkufunzi alitazama chumba. Alimtazama mwalimu wa jiografia, ambaye kipanya chake kilikuwa bado hewani. Alimtazama mama mkwe wake, ambaye meza sasa ilikuwa usawa wa shingo yake. Bi Tumeelewa naye alimtazama, na moyoni alimwomba, kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumbani kwake kama bibi harusi, aseme kweli. Angesema yeye, wote wangesalimika.

"Yametimia," mkufunzi alisema. Visigino vyake virefu vikaingia sakafuni, vikifuatiwa na viatu vyenyewe.

Bi Tumeelewa aliinamisha macho. Alikuwa amemfundisha mkamwana huyu mambo mengi, na alipomwona amesimama pale, amenyooka, anatabasamu, miguu haionekani, aliona kwamba hili ndilo aliloshika barabara kuliko yote. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akapokea cheti chake kwa mikono miwili.

Mwalimu wa kilimo hakupata. Afisa elimu alieleza, bila kumtaja ili asimwaibishe, kwamba mshiriki aliyeomba kurudiwa kila somo bila shaka bado yuko nyuma ya wenzake. Wote walimtazama, kwa kuwa ni yeye tu aliyekuwa akionekana mzima. Muhula ulipofunguliwa alikabidhiwa funguo za stoo ya vitabu. Alizipokea, akauliza kama kuna taa. Hakukuwa na taa.

Darasa la Nne lililetewa kompyuta na projekta. Mkamwana alikuwa ameziandaa picha zote za somo la sehemu: duara zima, duara lililokatwa katikati, duara lililokatwa vipande vidogo. Kazi ya Bi Tumeelewa ilikuwa kubonyeza tu. Dasta aliiacha nyumbani, juu ya kabati, na njia nzima mkoba ulimwia mwepesi kupita kiasi.

Alibonyeza, duara likatokea ukutani. Watoto wakasema, "Aaa." Alibonyeza tena, duara likapotea, yakaja maandishi ya rangi ya kijivu yanayouliza jambo kuhusu kuhifadhi mabadiliko, yenye majibu mawili ya kuchagua. Aliyasoma. Hakujua ni mabadiliko gani. Alichagua moja, na ukuta ukawa mweupe.

Akaendelea kufundisha kwenye ukuta ule mweupe. Alionyesha kwa kidole mahali duara lilipokuwa, akasema hapa tunakata, hapa tunapata robo, na watoto wakafuata kidole chake kwa macho.

"Tumeelewa?" aliuliza.

"Tumeelewaaa."

Na ule mlio wa biskuti ukasikika chumba kizima, kutoka mbele hadi nyuma.

Alikuwa ameusikia kila siku ya kazi yake, akadhani ni madawati. Sasa aliujua. Aliacha kutazama nyuso, akatazama chini. Safu ya mbele walikuwa wamezama vifundoni, ya katikati magotini. Nyuma kabisa, kwenye yale mabaka ya saruji aliyoyakanyaga miaka yote, mjukuu wake alikuwa ndani ya sakafu hadi kifuani, daftari limefunguliwa mbele yake, penseli mkononi, ametulia kama mtu aliyezoea. Bi Tumeelewa aliyatazama mabaka yale mengine. Alijaribu kukumbuka kila moja lilikuwa la nani, akashindwa, maana baka la saruji halina sura.

Aliona aibu isiyokuwa na wa kusingiziwa. Haikuwa ya kuchekwa. Hakuna aliyekuwa anamcheka, na angefurahi kama yuko hata mmoja. Sakafu ikafunguka chini yake yeye mwenyewe, naye hakushika meza. Alifungua mdomo ayatamke yale maneno mawili, ayatamke kwa sauti ile ile iliyofika hadi ofisi ya mwalimu mkuu, kisha aanze somo upya kwa kuomba chaki.

"Watoto," alisema. "Mimi si..."

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu mkuu aliingia na afisa elimu, amekuja kuona mashine zinavyofanya kazi. Darasa lilijaribu kusimama kwa heshima na wachache wakaweza.

"Endelea, Mwalimu," afisa elimu alisema. "Ulikuwa unasema?"

Alikuwa na neno nusu mdomoni. Aliwatazama wageni, akautazama ukuta mweupe, akauona mlango wa stoo ya vitabu ng'ambo ya uwanja, umefungwa.

"Mimi siku zote," alisema, "huwaambia hawa kwamba darasa hili lina akili."

Wageni wakacheka kwa furaha. Mwalimu mkuu alisema si alimwambia afisa. Afisa alitaka kusikia kwa masikio yake, akamwomba mwalimu amchague mtoto yeyote, hata wa nyuma. Bi Tumeelewa alisikia mdomo wake ukifanya kazi yake.

"Wewe pale mwisho. Umeelewa?"

Mjukuu alimtazama. Alimtazama kwanza kama anavyotazamwa Bibi, kwa muda, akisubiri kidogo. Kisha akamtazama kama anavyotazamwa Mwalimu.

"Nimeelewa, Mwalimu," alisema, akashuka hadi kidevuni.

"Safi sana," afisa elimu alisema. Wakati wa kutoka aliona sakafu, akakunja uso, akamwambia mwalimu mkuu kwamba majengo haya saruji yake hovyo. Mwalimu mkuu alikubaliana naye kabisa. Fundi alikuwa karibu, anaziba chumba cha kompyuta, na hakukuwa na haja ya kungoja watoto watoke.

Alikuja na ndoo na mwiko, akasalimia, akauliza aanzie wapi. Bi Tumeelewa, ambaye alikuwa amezama magotini mbele ya ukuta mweupe, alimwelekeza aanzie nyuma, kama siku zote, akaendelea na robo. Fundi alipita katikati ya madawati kwa adabu, akapiga magoti, akakoroga saruji. Mtoto aliinua daftari lake juu ya kichwa lisichafuke, akasogeza shingo kidogo upande, fundi apate pa kupitisha mwiko.